Mazungumzo ya Jumapili: Askari Aliyebaki Ziwani



Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, tulikuwa tumekaa chini ya mwembe wa kanisa tukingoja jua lipungue kidogo ndipo kila mtu ashike njia ya kwake. Akaja mtoto wa kiume, miaka yake yapata 9, akamwendea mzee mmoja wa parokia yetu aliyepigana vita vya Kagera. Akamwamkia kwa adabu, "Shikamoo babu." Mzee akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu." Basi yule mtoto akauliza mbele ya watu wote: "Babu, kule vitani uliua watu wangapi?"

Tukanyamaza kimya. Mama yake akaja mbio akamshika sikio. Mzee hakukasirika wala hakucheka. Aliinuka, akapangusa kiti cha baiskeli yake, akasema kwaherini, akaenda zake.

Mzee huyu twamfahamu wote. Aliondoka na wanamgambo wenzake mwisho wa mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipokwisha kuvuka mpaka na kuingia Kagera, akarudi mwaka uliofuata, baada ya Kampala kutwaliwa. Tangu siku ile kazi yake ni jembe. Analima mahindi na karanga, na miaka mingine mpunga kidogo bondeni. Amesomesha watoto, amemzika mkewe, na kwenye jumuiya yake ndogo ndogo hakosi. Vitani hakutimiza hata mwaka. Shambani amemaliza misimu zaidi ya 40. Hata hivyo mtoto wa miaka 9 anajua kumwuliza swali moja tu, nalo ni la ule mwaka mmoja.

Mama wa mtoto alikuja kuniomba radhi, kana kwamba ni mimi niliyeulizwa. Nikamwambia asimchape. Swali lile mtoto amelipata kwetu sisi wakubwa. Nani kati yetu hajamwita mzee yule "Afande" kwa mzaha penye pombe, akamtaka asimulie habari za mizinga? Na nani amemwuliza aliwezaje kulala usingizi alipokuwa amerudi?

Nilipofika nyumbani nilimkumbuka mtu mwingine, aliyekuwa askari akafa mwanakijiji. Habari zake ni za ziwa letu hili la Tanganyika. Alipita Karema, ambayo leo imo katika mkoa wetu wa Katavi na jimbo letu la Mpanda, naye amelala katika udongo wa ng'ambo ya pili. Wazee wetu walimjua kwa jina la Kapteni Joubert.

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 katika kijiji cha Saint-Herblon, magharibi ya Ufaransa. Mwaka 1860 kulikuwa na vita Italia. Zamani hizo Baba Mtakatifu alikuwa pia mtawala wa nchi, mwenye miji na kodi na askari, na watu waliotaka Italia yote iwe dola moja walikuwa wakimnyang'anya kipande kwa kipande. Papa Pio wa Tisa akaomba msaada, na vijana Wakatoliki wa mataifa mengi wakaenda kumpigania. Kikosi chao kikaitwa Zuavu. Ludovic Joubert alikwenda akiwa na miaka 18.

Akakaa jeshini miaka 10. Tarehe 20 Septemba 1870 majeshi ya Italia yalitoboa ukuta wa Roma yakaingia mjini. Zuavu wakavunjwa, kila mtu akarudishwa kwao.

Sidhani kama leo yuko Mkatoliki anayetamani kumwona Papa akiwa tena na mizinga. Vita ile ilishindwa, na Kanisa halikufa. Lakini ebu fikiri juu ya mtu wa miaka 28 aliyetoa ujana wake wote kwa jambo lililokwisha asubuhi moja. Anarudi kijijini kwao, jeshi lake halipo tena, na kazi aliyofundishwa haina mwajiri. Wako wengi duniani waliorudi hivyo. Hata huku kwetu, mwezi wa Novemba 1918, askari Waafrika wa Wajerumani waliweka silaha chini pale Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, kusini ya Ufipa. Walikuwa wametembea miaka 4, na mishahara mingi hawakulipwa. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa wale waliokuwa bado hai mwaka 1964, miaka 46 baadaye! Katika miaka hiyo yote nani aliwalisha, kama si shamba?

Joubert alikaa kwao miaka 10 nyingine. Kisha akaitwa.

Aliyemwita ni Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Msafara wa kwanza wa mapadre wake ulianza safari ya kuja kwenye maziwa yetu mwaka 1878. Njia kutoka pwani ilikuwa ya hatari na magonjwa, basi Lavigerie akawatafuta wale Zuavu wa zamani waje kuwalinda mapadre. Joubert alifika ziwani katika msafara wa 1880, akapelekwa upande wa kaskazini-magharibi, nchi ya Masanze. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Mei 1881, mapadre wawili, Deniaud na Augier, waliuawa huko Rumonge, Burundi, pamoja na msaidizi wao D'Hoop, Zuavu mwenziwe Joubert. Ugomvi ulitokana na mtoto mtumwa.

Tusimame kidogo hapo Karema, maana vijana wetu wengi hawaijui historia ya mji wao. Boma la Karema lilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1879. Lilijengwa karibu na maji, kisha maji yakarudi nyuma na kuliacha nchi kavu, kwa sababu ziwa lilikuwa limepata njia ya kutokea kwa mto Lukuga. Na mwaka huo huo wa 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alileta tembo 4 wa Kihindi kutoka pwani ili wabebe mizigo. Tembo mmoja tu ndiye aliyefika Karema, naye hakuishi. Bwana Carter aliyewaongoza aliuawa Mpimbwe mwaka 1880, akiwa njiani kurudi. Wabelgiji walipochoka, wakawaachia Mapadre Weupe Karema na kituo chao cha ng'ambo kiitwacho Mpala. Hiyo ilikuwa 1885. Mwaka huo Joubert alirudi Ulaya, na mwaka 1886 akaja tena. Akapita Karema, akavuka maji, na mwezi wa Machi 1887 akaingia Mpala. Ulaya hakuiona tena.

Kazi aliyopewa Mpala ilikuwa ngumu. Ziwani biashara ya watumwa ilikuwa imepamba moto. Mkubwa wake upande wa Ujiji alikuwa Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana sana kwa jina la Rumaliza. Tusijidanganye kwamba walikuwa Waarabu peke yao. Walioshika bunduki za kuvamia vijiji wengi walikuwa watu weusi kama sisi, rugaruga na waungwana wa pwani, na wako watemi waliouza majirani zao kwa vitambaa na baruti. Mambo haya yataka kusemwa kanisani na shuleni bila kumficha mtu.

Wakulima watanielewa upesi nikiwaambia uvamizi ulifanya nini. Mahindi yataka miezi 4 hivi. Muhogo wataka mwaka, na mwingine zaidi. Mtu hawezi kupanda muhogo mahali ambapo hana hakika kama atakuwapo wa kuung'oa. Basi watu walikimbilia milimani, wakala matunda ya porini na mizizi, na mashamba mazuri ya mabondeni yakarudi pori. Aliyenusurika pingu alikufa kwa njaa. Ulinzi wa Joubert ulikuwa na maana hiyo kwanza: watu wapate kupalilia, na walichopalilia wakivune wenyewe.

Akajenga kijiji karibu na kilima cha Mrumbi, si mbali na Mpala, akakiita kwa jina la Mtakatifu Ludoviko. Watu waliotoroka utumwa wakaja kujenga kwake. Akawafundisha vijana wa pale kushika bunduki. Na hapa nataka kusema neno: vitabu vina jina la Joubert, lakini majina ya vijana wale hayakuandikwa isipokuwa machache. Bila wao Kapteni angekuwa mzungu mmoja mwenye ndevu na bunduki moja. Wao ndio waliokesha, wao ndio waliokufa, na wao ndio waliokuwa na mama na dada wa kuteremshwa pwani wakishindwa.

Miaka ile 5, kuanzia 1887, ilikuwa ya mashaka matupu. Risasi zilikuwa chache. Barua ya kuomba msaada ilikaa njiani miezi na miezi. Mwaka 1890 watu wa Rumaliza walikuja kuishambulia Mpala, na tufani kubwa ya ziwa ikawazuia. Watu wa ziwa mnajua wenyewe jinsi maji yale yanavyoweza kugeuka katika nusu saa. Wakristu wa Mpala hawakuwa na shaka nani aliyeileta tufani ile.

Huku nyuma Kardinali Lavigerie alikuwa akizunguka Ulaya kuhubiri juu ya utumwa. Alianza Paris mwezi wa Julai 1888, na mwaka huo huo Papa Leo wa Kumi na Tatu aliwaandikia maaskofu wa Brazil barua ya kuulaani. Mahubiri yale yalileta fedha, na fedha zikaleta watu. Mwezi wa Oktoba 1891 Kapteni Jacques, Mbelgiji, alifika Mpala na kundi lake, akaenda kujenga boma karibu na mto Lukuga. Boma hilo ndilo lililozaa mji wa Kalemie. Mapigano yaliendelea miaka michache, lakini mzigo haukuwa tena juu ya mabega ya mtu mmoja.

Mimi sitaki kumfanya Joubert malaika. Lavigerie alikuwa na ndoto ya kuanzisha ufalme wa Kikristu katikati ya Afrika, na kwa muda misioni za ziwani zilikaa kama dola ndogo, zenye askari wao, mahakama yao na adhabu zao. Joubert alikuwa mwamuzi na mtawala wa watu ambao hawakumchagua. Nyuma ya msaada ule wa kupigana na utumwa ikaja serikali ya Mfalme Leopold, nayo iliwatesa watu wa Kongo kwa ajili ya mpira mateso ambayo dunia nzima imeyasikia. Mtu mwema aweza kufungua mlango, akaingia mwingine asiyemtaka. Twaweza kumshukuru kwa watoto aliowakata minyororo na papo hapo tukayasema haya.

Basi hayo ndiyo yanayosimuliwa daima, na mtoto wa chini ya mwembe angeyapenda sana. Hesabuni basi pamoja nami. Miaka 10 kwa Papa. Miaka 5 ya vita ziwani mpaka 1892. Kapteni alikufa mwaka 1927. Imebaki miaka 35. Alifanya nini miaka 35?

Nimesahau kusema kwamba alikuwa ameoa. Mwaka 1888, akiwa na miaka yapata 46, alifunga ndoa kanisani na binti wa nchi ile, Agnes Atakaye. Siku hizi hilo halitushangazi. Siku zile lilikuwa jambo kubwa. Mabwana wengi wa Ulaya waliokuja Afrika walichukua wanawake wetu kama wanavyochukua kiti cha kukalia safarini, na siku ya kurudi kwao waliwaacha pamoja na watoto. Joubert alisimama mbele ya padre akaweka ahadi ile ile ambayo wewe msomaji uliiweka, ya raha na ya taabu, mpaka kufa. Na aliishika. Wakazaa watoto, wakawalea kijijini, kati ya watoto wa jirani.

Akina mama watanisamehe nikisema maneno machache juu ya Agnes, maana wenye kuandika historia wamempitia haraka. Aliolewa na mtu aliyemzidi umri kwa mbali, mgeni wa lugha na wa chakula, wakati ambapo kila usiku ungeweza kuleta wavamizi. Mtu wa namna hiyo mara nyingi hulala na masikio wazi hata vita vikiisha. Nani alikaa naye? Nani aliyejua siku za kumsemesha na siku za kumwacha? Wake wa askari wa zamani walioko Mpanda na Mpimbwe na Karema wanaweza kujibu swali hili kuliko mimi.

Vita vilipokwisha, Kapteni hakurudi Ufaransa kutafuta pensheni. Alibaki kijijini. Siku yake ilikuwa Misa, rozari, mashauri ya jirani wanaogombania mpaka wa shamba, wagonjwa wanaotaka dawa, na katekismu. Aliwatembelea wanaokaribia kufa, akawabatiza walioomba. Ng'ambo hii, pale Karema, alikuwapo mwenzake wa kazi hiyo, mganga na katekista Adriani Atiman, ambaye mwenyewe aliibwa utotoni huko Afrika ya Magharibi na kuuzwa utumwani. Atiman alitibu watu wa Karema mpaka alipokufa mwaka 1956.

Kisha akaja adui asiyepigwa risasi. Wazee wa Katavi mtamtambua mara moja: ndorobo, na malale anayoyaleta. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa usingizi ulifagia pwani za ziwa. Vijiji vilivyowashinda wavamizi vikaanza kuwa makaburi. Mtu anasinzia akiwa ameshika jembe, anakonda, anaropoka, anakufa. Huku kwetu Mpanda vijiji vingi vilihamishwa kwa sababu hiyo hiyo, na wako wazee ambao wazazi wao waliacha mihogo wakapangwa katika makazi mapya. Mwaka 1910 Joubert naye, mzee wa miaka 68, alikiacha kijiji alichokijenga na kukitetea. Akahamia Misembe, karibu na Moba.

Mimi hapo ndipo ninapomwona Kapteni vizuri zaidi kuliko mahali pote. Roma ilimshinda, lakini Roma haikuwa yake. Mrumbi ilikuwa yake. Kila nyumba alijua nani aliijenga, na alitoka pale kwa sababu ya inzi. Akaanza tena kusimamisha nguzo na kufyeka, katika umri ambao sisi tungemwambia mtu akae kibarazani aote jua. Huko Moba aliishi miaka 17. Vita ya 1914 ilipokuja, meli za Wajerumani na za Wabelgiji na za Waingereza zilipopigana katika ziwa hili, yeye alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Mwaka 1917, pale pale Moba, iliyoitwa siku hizo Baudouinville, alipadrishwa Stefano Kaoze, padre wa kwanza mzalendo wa Kongo ya siku zile, mtoto wa milima ya Marungu, ambaye alisomeshwa katika seminari ya Mpala. Wale vijana waliokesha usiku na bunduki zao Mpala hawakujua kwamba wanalinda na hilo.

Kapteni Joubert alikufa tarehe 27 Mei 1927, miaka 85.

Habari hizi nilimsimulia mzee wetu Jumapili iliyofuata. Nilimkuta nyumbani kwake anachagua mbegu za karanga, nzuri upande huu, zilizotobolewa upande ule. Alisikiliza bila kuacha kazi. Nilipofika penye Roma hakusema kitu. Penye Rumaliza na tufani aliguna tu. Nilipotaja malale na kuhama kwa 1910 akainua macho.

"Alikuwa na miaka mingapi alipohama?"

"68, mzee wangu."

"Na mkewe alikuwa naye?"

"Alikuwa naye."

Akarudi kwenye karanga zake. Baadaye kidogo akaniuliza kama yule mtoto alichapwa. Nikamwambia hapana, nilimwombea. Akasema, "Vema. Mwambie mama yake anipe mtoto huyo Jumamosi, nina kipande cha kupalilia kule bondeni, na mgongo wangu siku hizi hauinami sana. Tutaongea."

Jumamosi niliwaona wakipita asubuhi na mapema, mzee akiikokota baiskeli, mtoto nyuma amebeba majembe mawili, naye anauliza maswali mfululizo.